Reli Iliyokufa Uvira, na Hesabu ya Fedha ya Njia

Vijana wengi wa Uvira hawajui ya kuwa mji wao uliwahi kuwa na gari la moshi. Mwaka 1931 ilifunguliwa reli iliyotoka Uvira, ikafuata bonde la Ruzizi hata Kamanyola, mwendo wa kilomita 94. Kampuni yenyewe iliitwa CEFAKI, maana yake Reli ya Kivu, na jina hilo latuonyesha walivyokusudia: reli ipande mpaka ziwa Kivu, ili mali ya Bukavu ishuke hata Tanganyika na kuingia melini. Lakini pale Kamanyola uwanda wakoma, na milima yasimama kama ukuta. Reli ikaishia hapo. Mzigo wa Bukavu ulipaswa kushushwa garini, kupakiwa katika kamyo, kisha kupandishwa mlimani. Na si vigumu kuona kwamba mwenye kamyo angejiuliza kwa nini asiende nayo moja kwa moja hata ziwani. Mwaka 1958 reli ilifungwa.

Utazameni vema mwaka huo. Uhuru ulikuja 1960. Basi wale wasemao kwamba kila kitu cha Kongo kilikufa kwa kuwa Wabelgiji waliondoka, na wajue ya kuwa reli ya Uvira ilikufa wakiwapo bado. Ilijengwa nusu, na nusu ile haikuweza kujilisha.

Wasomaji wapenzi, twayakumbusha haya kwa sababu reli inatajwa tena kwetu. Mwezi wa Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia sahihi mkataba na makampuni ya Kichina wa kujenga reli mpya kutoka Uvinza hata Musongati, kilomita 282, kwa dola za Marekani zipatazo bilioni 2.15. Mwanafunzi na achukue kalamu agawanye: kila kilomita moja yapata dola milioni 7 na nusu, na zaidi kidogo. Mpango wenyewe wasema kwamba baada ya Musongati reli itaendelea Gitega na Bujumbura, ivuke mpaka iingie Uvira, kisha ielekee Kindu katika Maniema. Kwa upande wetu huo ni mpango tu. Si chuma kilicholazwa chini. Lakini ni mpango mkubwa, na fedha yake itakuwa deni la watoto wetu.

Kabla ya kuishangilia reli ijayo, yafaa tuitazame ile iliyopo. Njia ya zamani ya mtu wa Uvira aendaye Lubumbashi ni meli hata Kalemie, kisha gari la moshi kupitia Kabalo na Kamina. Kipande cha Kabalo na Kalemie, kilomita 273, kilifika ziwani mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza. Kipande cha Kabalo na Kamina kiliunganishwa 1956. Leo reli hizo zimo mikononi mwa SNCC, shirika la serikali lenye makao yake Lubumbashi. Abiria azijuaye hahitaji kuelezwa. Safari iliyokusudiwa kuwa ya siku chache yaweza kula majuma. Gari husimama porini, na akina mama hushuka na kuwasha moto wa kupikia kando ya reli. Mabehewa ni makuukuu, madirisha hayana vioo, na wafanyakazi wa shirika wamepata kukaa miezi mingi bila mshahara.

Sasa angalieni jambo moja ambalo wakubwa wengi hulisahau. Mabehewa ya abiria yakizeeka na kupungua, watu hawaachi kusafiri. Hupanda juu ya magari ya mizigo. Mwezi wa Aprili 2014 gari la mizigo lilianguka Katongola, karibu na Kamina. Zaidi ya watu 40 walikufa. Mwezi wa Machi 2022, huko Buyofwe katika jimbo la Lualaba, gari la mizigo lililotoka Luen kwenda Tenke lilishindwa kupanda mlima, likarudi nyuma, na mabehewa yake yakatumbukia korongoni. Walikufa watu 75. Katika vitabu vya shirika watu hao hawakuwa abiria. Walipanda kwa kujificha, bila tikiti, kama ilivyo desturi mahali pasipo njia nyingine.

Je, fedha haikuwapo? Ilikuwapo. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 255 kwa ajili ya usafiri wa Kongo, na sehemu kubwa ilikusudiwa kuiinua SNCC. Injini mpya zilinunuliwa, zikaja, zikapigwa picha. Hatusemi kwamba fedha hiyo iliibwa. Twasema tu kwamba injini hupigwa picha, na taruma halipigwi picha. Taruma ni ule ubao au chuma kilazwacho chini ya reli kuishika isiachane. Likioza, msumari hulegea. Msumari ukilegea, reli hutanuka. Reli ikitanuka, gurudumu huanguka ndani. Kokoto zikichukuliwa na maji ya mvua, njia yote hulala upande. Injini mpya juu ya mataruma yaliyooza ni kama mgonjwa wa homa aliyevikwa kanzu ya arusi.

Kwa hiyo anayekagua fedha ya serikali sharti aifuate mpaka kwenye taruma. Safari ya fedha hiyo ni ndefu. Bunge huipitisha katika bajeti. Lakini fedha iliyoandikwa katika bajeti si lazima ndiyo iliyotoka hazina, na hapo ndipo udanganyifu wa kwanza, maana mwananchi husikia tarakimu redioni akadhani kazi imeanza. Kisha kazi hutangazwa ili makampuni yashindane, kama iagizavyo sheria ya Aprili 2010. Kisha kazi hufanywa, au haifanywi. Mwishoni huja mhandisi wa serikali na karatasi ya kuipokea kazi, akatia sahihi.

Tusimame kidogo kwa huyu mhandisi. Yeye si waziri, wala jina lake halitajwi magazetini. Pengine alisoma katika shule ya misioni, pengine hukaa benchi la tatu kanisani kila Dominika. Mwenye kampuni amwekea bahasha mezani na kumwambia: mataruma elfu yamebadilishwa, tia sahihi. Yamebadilishwa mia mbili tu. Akitia sahihi amevunja amri ya saba, hilo kila mtoto wa katekisimu alijua. Lakini yale mataruma mia nane yabaki yakioza chini ya uzito wa gari, na siku gari litakapoanguka, dhambi ile haitakuwa ya amri ya saba peke yake. Itakuwa imefika amri ya tano. Waungamishaji na wawaulize watu wa kazi hizi maswali ya namna hiyo. Na wale wa vijijini wang'oao misumari ya reli wauze chuma, wasidhani kwamba maneno haya yanawahusu wakubwa tu.

Juu ya mhandisi wako wakaguzi. Kongo tunao Ukaguzi Mkuu wa Fedha, uitwao IGF, ulioundwa 1987 na ulio chini ya Rais. Na tunayo Mahakama ya Hesabu. Katiba ya 2006 yaiagiza Mahakama hiyo itoe taarifa kila mwaka kwa Rais, kwa Bunge na kwa serikali, na taarifa itangazwe katika Gazeti Rasmi. Wabunge nao wana haki ya kumwuliza waziri swali la mdomo au la maandishi, na kuunda tume ya uchunguzi. Vyombo vipo. Ila vyombo hivi mara nyingi huamka jengo likiwa limekwisha kuanguka. Mwaka 2020 watu wengi walitazama katika televisheni kesi ya Kinshasa juu ya fedha ya mpango wa siku mia, Bw. Vital Kamerhe alihukumiwa miaka 20, na mwaka 2022 mahakama ya rufani ikamwachilia. Sisi hatuihukumu tena kesi hiyo. Lakini nyumba zisizojengwa hazijengwi na kesi, wala reli haitengenezwi na kesi.

Ng'ambo ya ziwa wana desturi iliyo nzuri kuigwa. Kila mwisho wa mwezi wa Machi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania humkabidhi Rais taarifa yake, na mwezi wa Aprili huwekwa mezani Bungeni. Magazeti ya Kiswahili huieleza ukurasa kwa ukurasa, shirika la reli likiwamo. Sisi taarifa zetu ziko kwa Kifaransa, mbali na soko la Mulongwe. Walimu wa shule za sekondari wangeweza kuchukua sura moja ihusuyo usafiri na kuwaeleza wanafunzi na wazazi kwa lugha ya nyumbani.

Asiseme mtu kwamba fedha hiyo si yake. Tangu 2008 upo mfuko wa kutengeneza barabara, FONER, nao hulishwa na sehemu ya bei ya mafuta ya magari. Mama apelekaye samaki Bukavu kwa basi dogo hulipia mfuko huo ndani ya nauli yake, hata kama hakuwahi kusikia jina lake. Ana haki ya kuuliza kwa nini barabara ya Kamanyola imejaa mashimo, kama mwenye shamba alivyo na haki ya kumwuliza msimamizi wake, sawa na yule bwana wa Injili ya Luka aliyemwita wakili wake na kumtaka hesabu.

Na kwa reli ya Uvira, maswali yapo tayari kabla ya jiwe la msingi. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba na kuua watu. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, likaingia majumbani na katika bandari ya Kalundu. Kituo cha gari la moshi kitawekwa wapi? Mnamo Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia mjini; nani atailinda njia, na kwa fedha ipi? Tena juu ya mji wa Uvira pamesimama milima ya Itombwe, na hakuna njia ya kwenda Kindu isiyoikabili. Wajenzi wa 1931 walifika penye ukuta wa namna hiyo wakasimama. Wale wajao watuonyeshe kwenye karatasi, kwa tarakimu, gharama ya kuupita, na nani atakayelipa mataruma ya mwaka wa ishirini.