TAA YA NJE: IFUNGE MWENYEWE, IFUNGE VIZURI



Giza kati ya nyumba na choo ni hatari. Mtoto anaweza kukanyaga nyoka. Mama anaogopa kutoka peke yake. Taa ndogo ya sola nje ya nyumba inasaidia, lakini haitadumu hadi usiku wa manane kama paneli yake haikupata jua la kutosha. Fanya hivi:

1. PANELI. Chagua mahali pasipo na kivuli tangu saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Tawi moja likifunika pembe tu ya paneli, nguvu hupungua sana. Kigoma iko kusini mwa ikweta, hivyo uso wa paneli uelekee kaskazini, uinamishwe kidogo tu ili mvua ioshe vumbi.

2. WAYA. Uache uning'inie kidogo kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondoke chini, yasifuate waya.

3. TAA. Ifunge juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, ikitazama chini. Imulike njia na mlango wa choo, si macho ya jirani.

4. SIKU YA KWANZA. Chaji mchana kutwa kabla ya kuwasha.

Kila wiki pangusa paneli kwa kitambaa chenye maji. Usifungue betri wala kuitupa motoni: inaweza kulipuka.

Usitundike koroboi nje. Upepo ukiirusha kwenye paa la nyasi, nyumba nyingi zitateketea.

Ukimaliza, msaidie na jirani mzee asiye na wa kumfungia.