Tapeli amejuaje oda yako? Tundu la maduka ya mtandaoni ambalo nenosiri haliliziba

Leo naomba tuzungumzie jambo linalotugusa sisi tunaoagiza vitu mtandaoni tukiwa huku huku bondeni, Kivukoni, Ifakara na vijiji vya jirani.

Kuna swali washikaji wananiuliza sana. Mtu kaagiza simu au spea ya pikipiki, nenosiri lake hajampa mtu, halafu anapigiwa na tapeli anayemtaja kwa jina, anajua kaagiza nini na mzigo unashukia stendi gani. Kajuaje?

Njia ziko nyingi. Labda ni mfanyakazi wa duka, labda ni mtu wa usafirishaji, labda uliacha akaunti wazi kwenye kompyuta ya kafe. Lakini ipo njia moja ambayo wengi hawaijui: duka lenyewe linampa taarifa zako yeyote anayeziomba. Hakuna aliyevunja kitu.

Mlinzi na karani

Chukulia ghala la mpunga. Umevuna, umepeleka magunia yako 10, karani kakupa risiti namba 1041. Siku ukirudi, mlinzi getini anaangalia kitambulisho chako, unapita. Dirishani unamwambia karani akusomee 1041. Anafungua daftari, anasoma jina, namba ya simu, idadi ya magunia. Safi.

Sasa mwambie akusomee 1042. Karani makini atakuuliza, "Na hiyo ni yako?" Karani mzembe anafungua ukurasa na kusoma. Kwake yeye, ukishapita getini basi kila kitu ruksa.

Hapo kuna maswali mawili na watu huyachanganya. Mlinzi anauliza: wewe ni nani? Karani anatakiwa aulize: unachoomba ni chako? Nenosiri linajibu swali la kwanza tu. Hata ukiwa na nenosiri la herufi 30 halikusaidii kitu kama karani wa duka haulizi swali la pili.

Kwenye duka la mtandaoni karani ni seva. Ukifungua oda yako, mara nyingi namba yake inaonekana kwenye anwani juu ya ukurasa, mfano oda=1041. Hata ukitumia programu ya simu, namba hiyo inatumwa kimya kimya, wewe huioni tu. Duka likiwa na tundu, mtu akiweka 1042 anapewa oda ya jirani yako. Na hakai kuandika kwa mkono: anatengeneza kiprogramu kinachohesabu kutoka 1 mpaka mwisho, asubuhi ana orodha ya wateja wote.

Mnadhani ni kitu adimu? OWASP ni taasisi inayotoa orodha ya hatari kubwa za usalama wa tovuti. Tundu la aina hii lilikuwa namba 4 kwenye orodha yao ya 2007. Kwenye orodha ya 2021, udhibiti mbovu wa ruhusa, ambalo ndilo kundi lake, ulipanda kutoka namba 5 ya 2017 hadi namba 1.

Kisa cha WooCommerce, 2023

Wengi wanaojenga maduka madogo mtandaoni hutumia WordPress na kubandika WooCommerce juu yake, kwa sababu ni za bure. Kisha wanaongeza plagini, yaani vipande vya programu vya kazi maalumu. Moja ni ya kupokea malipo kwa kadi kupitia kampuni ya Stripe, na wakati huo ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya 900,000.

Tarehe 17 Aprili 2023 kampuni ya usalama ya Patchstack iliwapelekea watengenezaji taarifa ya tundu. Plagini ile ilikuwa inachukua namba ya oda kutoka kwenye ombi la mtu, inaitafuta oda, halafu inaandika taarifa zake ndani ya ukurasa bila kuhakikisha kwamba anayeomba ndiye mwenye oda. Matokeo yake mtu yeyote, hata asiye na akaunti, aliweza kuona jina, barua pepe na anwani kamili ya mteja. Yaani hapa hata mlinzi wa getini hakuwepo!

Marekebisho yalitoka tarehe 30 Mei 2023, toleo la 7.4.1. Matoleo yote ya 7.4.0 kurudi nyuma yalikuwa na tundu, na lilipewa namba CVE-2023-34000. Dawa ilikuwa ndogo tu: kila oda ina ufunguo wake, herufi za kubahatisha zisizofuatana kama namba, na sasa plagini inaukagua kabla ya kuonyesha chochote.

Si wao peke yao. Mwezi Mei 2019 mwandishi Brian Krebs wa Marekani alifichua kwamba tovuti ya kampuni ya First American, inayoshughulika na hati za mauzo ya nyumba, iliacha wazi nyaraka zipatazo milioni 885. Ulikuwa ukibadilisha tarakimu moja kwenye anwani, unasoma hati ya mtu mwingine.

Kwa nini linajirudia? Kwa sababu mtengenezaji anajaribu duka kwa akaunti yake mwenyewe. Anaingia, anaona oda yake, anafurahi. Hakuna kinachogoma. Programu ya kuzuia virusi haioni kitu, na kwenye kumbukumbu za seva mwizi anafanana na mteja anayefungua kurasa.

Sisi inatuhusu nini?

Najua kuna atakayesema huku hatulipi kwa Stripe, sisi ni M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas (ile iliyokuwa Tigo Pesa). Sawa, lakini tundu haliko kwenye pesa. Liko kwenye daftari la oda, na kila duka lina daftari.

Tena kwetu daftari hilo ni la hatari zaidi. Huku nani anaagiza mzigo kwa namba ya nyumba? Unaandika jina, "stendi ya Ifakara" na namba ya simu. Namba ya simu ndiyo anwani yako, na ndiyo pochi yako pia.

Zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" zinatupwa ovyo kama ndoano bila chambo, wengi tunazicheka. Mwenye orodha ya oda hatupi ovyo. Anakuandikia kwa jina lako kwamba spea zako zimefika Ifakara, imebaki nauli ya mzigo shilingi 15,000, tuma upesi gari linaondoka. Hapo hata mjanja anatuma. Na ikiwa uliandika namba ya mama kijijini kwa kuwa simu yako ilikuwa imezima chaji, atapigiwa mama.

Unayejenga duka

Kila seva inapoombwa oda, iulize kama ni ya huyo anayeomba. Kila mara, siyo siku ya kuingia tu. Kuficha kitufe kwenye ukurasa siyo ulinzi, maana ombi linaweza kutumwa bila kitufe. Tumia ufunguo mrefu wa kubahatisha badala ya kutegemea namba zinazofuatana, lakini usiache kukagua. Sasisha plagini zako mapema. Na fungua akaunti 2 za majaribio, weka oda kwa ya kwanza, kisha jaribu kuifungua kwa ya pili. Ikifunguka, usilale.

Wewe mnunuzi

Toa taarifa zinazohitajika tu. Ukidaiwa hela ya ziada, usijibu namba iliyokutafuta. Nenda mwenyewe kwenye tovuti ya duka, chukua namba yao, piga. Meseji ya utapeli ipeleke kwenda 15040. Na ukimaliza kafe, toka kwenye akaunti.

Msijaribu kwenye duka la mtu

Najua vidole vinawawasha. Mwaka 2010 tovuti ya AT&T ya Marekani iliachia barua pepe 114,000 za wenye iPad kwa mtindo huu huu wa kuhesabu namba. Mmoja wa waliohusika, Andrew Auernheimer, alihukumiwa kifungo cha miezi 41 mwezi Machi 2013. Hukumu ilifutwa Aprili 2014, lakini ni kwa sababu kesi ilifunguliwa kwenye jimbo lisilohusika, na tayari alikuwa ameonja jela.

Kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayeingia bila ruhusa kwa faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote. Kusema mlango ulikuwa wazi hakukusaidii. Ukikutana na tundu kwa bahati, simama hapo hapo, usihesabu nyingine, mwandikie mwenye duka.

Na mwenye duka naye ana mzigo wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Taarifa za mteja ni mali aliyokabidhiwa kuitunza, na mteja ana haki ya kupeleka malalamiko kwenye Tume.

Haya wadau, wale mnaojengea watu maduka, kajaribuni zile akaunti 2 leo leo, mje mtuambie hapo chini mmekuta nini. Jina la duka msilitaje mpaka mwenyewe azibe.