UFAFANUZI KWA WENYE MAGARI: UCHAGUZI WA KOMPRESA YA HONI YA UPEPO

Wenye magari ya abiria na ya mizigo, madereva, pamoja na watumishi wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya magari, wanafahamishwa kwamba honi ya upepo si chombo cha kununuliwa na kufungwa pasi na hesabu. Sauti yake hutokana na upepo ulioshindiliwa, na upepo huo hutoka katika kompresa. Kompresa ikichaguliwa vibaya, hasara haiishii katika kukosa sauti, bali huweza kufika kwenye betri, nyaya na hata breki.

Njia za kupata upepo

Njia ya kwanza ni kompresa ndogo ya umeme isiyo na mtungi. Dereva abonyezapo kitufe, kompresa huzunguka na kupeleka upepo moja kwa moja katika pembe. Hii yatosha kwa gari ndogo yenye pembe mbili fupi, almuradi ifungwe karibu na pembe hizo, kwani bomba refu huchelewesha sauti.

Njia ya pili ni kompresa ya umeme inayojaza mtungi, na mtungi ndio unaolisha honi. Pembe ndefu zenye sauti nzito zahitaji upepo mwingi kwa mara moja, nao hauwezi kupatikana ila kwa akiba.

Njia ya tatu ni kutumia upepo wa kompresa ya injini, kwa magari yenye breki za upepo.

Mambo ya kuangaliwa dukani

(a) Wingi wa upepo. Wengi hutazama kiwango cha juu cha shinikizo peke yake, ilhali jambo kubwa ni lita ngapi kompresa hutoa kwa dakika. Tuseme mtungi ni wa lita 8, na kompresa huzimika shinikizo likifika bari 10 (paundi 145 kwa inchi ya mraba) na kuwaka tena likishuka hadi bari 7.6 (paundi 110). Baina ya viwango hivyo, mtungi hutoa takriban lita 19 za hewa ya kawaida. Kompresa ya lita 30 kwa dakika huzirejesha kwa muda usiopungua sekunde 38, na kwa kweli zaidi, kwa kuwa utoaji hupungua kadiri shinikizo linavyopanda.

(b) Muda wa mapumziko. Kompresa iliyoandikwa asilimia 25 ikifanya kazi dakika 10 yapasa ipumzike dakika 30. Ikilazimishwa, huungua.

(c) Umeme. Gari ndogo hutumia volti 12, na malori mengi volti 24. Kompresa ya volti 12 haifai kuunganishwa na betri moja kati ya mbili za lori, kwani betri hizo hutumika na kuchajiwa bila ya usawa, na hatimaye huharibika zote. Aidha, sharti pawepo rilei, waya wenye unene unaostahiki, na fyuzi karibu na betri. Waya mwembamba hupata moto, nao ndio chanzo cha gari kuungua.

(d) Mtungi. Hewa ya visiwani ina unyevu mwingi. Ikishindiliwa, maji hutuama chini ya mtungi na kuuliza kwa kutu kutoka ndani. Koki ya chini ifunguliwe mara kwa mara kutoa maji hayo, na vali ya usalama isizibwe kwa hali yoyote.

Breki kwanza

Jambo la hatari kuliko yote ni kukata bomba la breki na kuunganisha honi. Bomba la honi likipasuka, upepo wa breki huvuja. Upepo huo ukipungua sana, ama dereva hukosa nguvu ya kusimamisha gari, ama breki za springi hujifunga zenyewe gari ikiwa katika mwendo. Kwa hivyo, honi ya lori au basi haina budi kupitia vali ya kinga, ambayo hufunga njia ya honi shinikizo la breki linaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa. Kazi hiyo ifanywe na fundi wa breki, wala si muuza honi.

Kiasi cha sauti

Kanuni namba 28 ya Umoja wa Mataifa kuhusu honi za magari huweka ukomo wa desibeli 112 kwa umbali wa mita 7. Honi za treni nchini Marekani hupimwa kwa umbali wa futi 100, yaani mita 30, na hapo hutakiwa kutoa desibeli 96 hadi 110. Ieleweke kwamba sauti huongezeka kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapopungua kwa nusu. Honi ya namna hiyo ikipigwa katika njia nyembamba, mbele ya skuli au hospitali, mtoto aliye kando ya barabara huumia masikio, na mpanda baiskeli hushtuka akaingia mbele ya gari.

Kwa hiyo, mwenye gari anashauriwa kuanza kwa kuuliza ni sauti ya kiasi gani inayomtosha, kisha achague kompresa na mtungi kwa kipimo hicho. Gari yenye breki za upepo ikaguliwe breki zake kwanza, kabla ya honi kufungwa. Honi humwonya aliye njiani, lakini kinachoisimamisha gari ni breki.