Kumkuta Mtu wa Mosocho Minnesota Si Muujiza

Mtu wa Mosocho, Kisii, anayehamia Minneapolis, Marekani, hakai sana kabla hajagongana na sura anayoijua: mwenzake wa shule ya Cardinal Otunga, au mama waliyekuwa wakisali naye kanisa moja. Jioni hiyo simu hupigwa nyumbani: “Huwezi amini nimekutana na nani!” Wengi husema ni Mungu tu. Sibishani na imani ya mtu, lakini hesabu nayo ina lake la kusema.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walikadiria kwamba mtu wa kawaida anatambua sura 5,000 hivi, watu maarufu wakiwemo. Tuseme 2,000 ni watu uliowahi kuonana nao ana kwa ana, na uwezekano wa kumkuta yeyote mmoja wao ugenini ni 1 kwa 10,000 kwa mwaka. Ukimtazama mmoja peke yake, ni kama hakuna kitu. Wajumlishe wote: kila mwaka una asilimia 18 hivi ya kukutana na angalau mmoja, na katika miaka 10 inafika 86. Wale mliopishana nao uwanja wa ndege kwa nusu saa, wala hukuwaona, hakuna anayepiga simu nyumbani kuwasimulia.

Na hapo tumechukulia kwamba watu wametawanyika ovyo duniani, jambo ambalo kwetu Abagusii, watu wa Kisii, si kweli hata kidogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kaunti ya Kisii, na mashamba yamegawanywa kati ya ndugu hadi yamebaki vipande. Kijana anasoma ili aondoke, na anayeondoka hufikia kwa anayemjua. Ndivyo Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, kilivyojaa watu wetu, wengi wakiwa wauguzi na watunzaji wa wazee. Shule zilezile, makanisa yaleyale, kazi ileile: msipokutana ndilo jambo la kushangaza.

Kigumu ni kumtambua. Mama anayekuuzia ndizi soko la Daraja Mbili, ukimwona kwenye foleni ya uhamiaji Dubai amevaa koti zito, unajua kabisa unamjua, ila jina na mahali vimegoma kuja. Mwanasaikolojia George Mandler alilieleza hili mwaka 1980 kwa mfano wa muuza nyama aliyeonekana ndani ya basi. Kuhisi kwamba sura si ngeni ni kazi moja ya ubongo, na kukumbuka ni ya nani ni nyingine, inayotegemea sana mazingira. Mwaka 1975, Godden na Baddeley waliwapa wapiga mbizi maneno ya kukariri chini ya maji, nao wakayakumbuka vizuri zaidi walipokuwa majini kuliko walipokuwa nchi kavu.

Kwa hiyo usihangaike na jina. Msalimie, “Bwakire,” kisha muulize ni wa upande gani. Akishataja soko, mara nyingi jina hufuata lenyewe.

Kusahau kwa namna hiyo si ugonjwa. Wapo wachache ambao tangu utotoni hutatizika kutambua hata sura za jamaa zao, na huwajua kwa sauti au mwendo. Lakini mtu aliyekuwa mzima akianza ghafla kutowatambua watu wa nyumbani kwake, huenda ni kiharusi, naye apelekwe hospitali saa hiyohiyo.