Shati la Mikono Mirefu katika Joto la Bwiza

Saa nane mchana Bwiza, mtaa wetu wa Bujumbura, huwa tanuri. Mabati yamewaka, upepo wa Ziwa Tanganyika haufiki uani, na kila aliyeweza amejisogeza kivulini. Rafiki yako amekaa na shati la mikono mirefu, vifungo hadi viganjani. Katika mtaa unaopakana na Buyenzi yenye Waislamu wengi, mikono mirefu peke yake si dalili ya kitu chochote. Ila huyu unamjua: mwezi uliopita hakuvaa hivyo. Anainama kuchota maji, shati linapanda, nawe unaona alama ambazo si za jiko wala za mwiba.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, na tunakosea kwa sababu ya hofu. Tunampigia kelele, tunakimbia kwa mama yake, au tunageuza macho tukajifanya hatukuona. Hatujui jeraha lile linafanya kazi gani.

Wanasayansi wana jina kwa jambo hili: kujiumiza bila nia ya kufa. Mwaka 2014 Sarah Swannell na wenzake walijumlisha tafiti za nchi mbalimbali, wakakuta kwamba takriban vijana 17 kati ya kila 100 walio katika umri wa kubalehe wamewahi kujiumiza angalau mara moja. Basi rafiki yako hana laana ya peke yake, wala hajaingiliwa na kitu kisichojulikana.

Kwa nini mtu aliyekwisha kuumia moyoni aongeze maumivu ya mwili? Mwaka 2007 mwanasaikolojia David Klonsky alipitia sababu ambazo wenye kujiumiza huzitaja wenyewe. Iliyotajwa kuliko zote ilikuwa kutuliza hisia zisizovumilika: hasira, huzuni, hofu, au ule ubaridi wa kujihisi umekufa ungali unapumua. Uchungu wa mwili na uchungu wa moyo hupitia kwa sehemu njia zilezile za ubongo, na maumivu ya mwili yanapopungua, moyo nao huhisi nafuu kidogo. Nafuu hiyo hudumu muda mfupi tu. Nyuma yake huja aibu, aibu huzaa uchungu mpya, na ubongo umeshajifunza pa kukimbilia. Ndiyo maana kumwambia "acha tu" hakumsaidii. Ni kumnyang'anya mtu gongo bila kumpa bega.

Na wale wanaosema anatafuta kuonekana? Anayetaka kuonekana hafungi vifungo hadi viganjani kwenye joto hili.

Kuna methali ya Kirundi isemayo amosozi y'umugabo atemba aja mu nda, yaani machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Wengi tumelelewa nayo, na wasichana nao wamepewa yao: jikaze, vumilia. Sitaki kuwalaumu waliotulea. Waliokuwa vijana hapa Machi 1995, Bwiza na Buyenzi ziliposhambuliwa wakati wa vita, watu kwa maelfu wakakimbilia Zaire, walijifunza kunyamaza ili waishi. Mwaka 2025, Goma na Bukavu huko Kongo zilipotekwa, familia nyingi zilivuka kuingia Burundi, kila moja na kimya chake. Lakini tusiitupie vita kila kitu. Kuna anayejiumiza kwa sababu ya kipigo cha nyumbani, kuna aliyeingiliwa kwa nguvu, kuna aliyefeli mtihani, na kuna mwenye sonona ambaye hana kisa cha kusimulia. Wanachofanana ni kwamba hakuna aliyewauliza wakaweza kujibu.

Aliyeleta mabadiliko makubwa katika tiba ya kujiumiza alilijua jambo hili mwilini mwake. Marsha Linehan wa Marekani alilazwa mwaka 1961 katika hospitali ya akili mjini Hartford akiwa na miaka 17, na alikuwa akijiumiza. Baadaye akawa mwanasaikolojia, akabuni tiba inayomfundisha mgonjwa kuitambua hisia, kuipa jina, na kuivumilia kama wimbi linalopanda kisha likashuka, bila kujidhuru. Jaribio lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1991 na lilionyesha kwamba waliotibiwa hivyo walijidhuru mara chache zaidi. Siri yake mwenyewe aliitoa hadharani mwaka 2011, akiwa na miaka 68, katika hospitali ileile. Nusu karne! Hebu fikiria mzigo huo begani kwa mtu aliyekuwa anawaponya wengine.

Turudi uani. Bwiza familia kadhaa hukaa kiwanja kimoja, na ukuta husikia. Usianzishe maneno hapo. Mwombe mtembee, kisha sema taratibu: "Ndugu yangu, niliona mkono wako. Sijakasirika. Kama unataka kusema, nipo; kama hutaki leo, bado nipo." Halafu nyamaza. Kimya hiki ni kingine kabisa, kimya cha kusikiliza. Usimwambie akuonyeshe majeraha, wala usimwapishe kwamba hatarudia. Akivunja kiapo, atakuficha wewe pia. Akitaka kuomba dua au kusali, sali naye, lakini usimwambie kwamba angekuwa na imani asingefika huko.

Swali moja liulize waziwazi: "Kuna wakati unatamani kufa?" Watu huogopa kwamba watampandikizia wazo. Madelyn Gould na wenzake walilipima jambo hilo kwa zaidi ya wanafunzi 2,000 wa sekondari katika jimbo la New York, na matokeo yao ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba walioulizwa hawakupata mawazo hayo zaidi ya wasioulizwa. Swali lina umuhimu kwa sababu mwenye kujiumiza, hata asipotaka kufa leo, yuko karibu na hatari hiyo kuliko mwenzake. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoeni karibu naye vitu vya kujidhuru, mwite mtu mzima mnayemwamini, mwende hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo usimwahidi siri. Mwahidi kwamba hutamtangaza mtaani, na kwamba atakayeambiwa ni yule wa kusaidia.

Jeraha bichi lipelekwe kituo cha afya kama jeraha lolote. Kwa yaliyo ndani, ukivuka mto Ntahangwa kuelekea kaskazini utafika Kamenge, kwenye kituo cha magonjwa ya akili kilichoanzishwa na watawa wa Frères de la Charité mwaka 1981. Wengi hukiita mahali pa vichaa. Jina hilo limewazuia watu wengi kutibiwa, nami naomba tuliache. Msindikize rafiki yako, kaa naye kwenye foleni. Nawe tafuta wa kuzungumza naye, maana mzigo huu humchosha mbebaji.

Na tumaini lipo. Huko Victoria, Australia, watafiti waliwafuatilia vijana wapatao 1,800 kuanzia mwaka 1992 hadi 2008. Kati ya waliojiumiza walipokuwa wadogo, 9 kati ya 10 walikuwa wameacha walipofika utu uzima. Kama wewe unayesoma ndiye mwenye shati la mikono mirefu, chagua mtu mmoja leo, umwambie.