Pawatila iliyotumika: piga hesabu kabla hujatoa hela

Msimu ukikaribia, vijana hunipigia: "Bwana shamba, kuna pawatila ya miaka mitatu, jamaa anataka milioni sita. Nichukue?" Mimi nawaambia, shika kalamu kwanza.

Anza na bei ya mpya dukani. Tuseme ni milioni 8, na unategemea ifanye kazi miaka 8. Kila mwaka inashuka milioni 1, kwa hiyo baada ya miaka 3 imebaki milioni 5. Toa na matengenezo. Kama tairi, mikanda na visu ni 900,000, mwisho wako ni 4,100,000.

Ila miaka peke yake inadanganya. Iliyolima shamba la mwenyewe tu si sawa na iliyokodishwa kijiji kizima. Waulize majirani. Kama ilikodishwa sana, mimi nahesabu mwaka mmoja kama miwili: miaka 3 inakuwa 6, na thamani ni milioni 2 kabla ya matengenezo.

Kisha kagua injini. Ikute ya baridi, uiwashe mwenyewe, maana ikishapashwa moto huwezi kujua kama inawaka kwa shida. Moshi wa bluu usiokata ni dalili kwamba inakula oili. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Ukiona hivyo, usitaje bei mpaka fundi akwambie gharama ya kufungua injini.

Mwisho, namba ya injini ilingane na karatasi za mauzo. Zisipolingana, ondoka hata kama bei ni ya kutupa.