Magari Yaliposimama Regent Street

Barabara inapofungwa kwa ajili ya sherehe, swali la kwanza la mkazi huwa ni atapita wapi. Jijini London, kwa miaka kadhaa, Regent Street ilifungwa Jumamosi moja ya Novemba ili magari yaegeshwe kwa maonesho na wananchi wayatazame bila kiingilio. Yalikuwamo yaliyoundwa kabla ya mwaka 1905, ambayo kesho yake yalisafiri hadi Brighton kuadhimisha sheria ya mwaka 1896. Kabla ya sheria hiyo, gari la injini lilitakiwa kutanguliwa na mtu anayetembea kwa miguu, na mjini lisizidi maili 2 kwa saa. Sheria ilimwondoa mtu huyo na kuruhusu hadi maili 14, kasi ambayo leo hata bodaboda huiona ndogo. Siku ya maonesho mpangilio uligeuka: gari lilisimama, na mwenda kwa miguu akapita mbele yake bila kuharakishwa na honi.